Laptopu ya ami: nilivyoirudisha kwenye Windows 98, na kosa la usiku mmoja lilonigharimu kurasa za daftari lake

Ami yangu alifariki Wete mwaka juzi. Baada ya hitma ya arubaini dada, yani mtoto wake mkubwa, akanipigia simu akanambia kuna mkoba mweusi wa baba upo juu ya kabati, wewe ndo unojua mambo ya kompyuta, njoo uuchukue kabla watoto hawajauchezea. Nikapanda boti hadi Mkoani, nikashika gari ya Wete, na usiku ule ule tukaufungua mkoba ukumbini. Ndani mlikuwa na ThinkPad 600E ya IBM aloinunua Dubai 1999, adapta ambayo waya wake umeliwa na panya, kasha la flopi 23, CD moja ya Lotus SmartSuite, yani programu za ofisi za wakati ule, imefungwa kwenye kitambaa, na kitabu cha Windows chenye kile kibandiko cha namba. Dada akanambia humo ndo mna hesabu zote za mikarafuu, baba kila msimu akitoka shamba alikuwa anakaa hapo hapo kwenye kiti anaandika.

Kwa asojua Pemba nieleze kidogo. Kule mkarafuu unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwengine, na mtu akifa miti inaingia kwenye mirathi mti kwa mti, huyu ana sita pale bondeni, yule ana mitatu kule juu, na ikipita vizazi viwili bila ya kuandikwa watu wa nyumba moja wanaacha kusalimiana. Ami ndiye alokuwa anayaandika hayo kwa ukoo wetu. Alikuwa mwalimu wa skuli, anaandika vizuri, na aliandika kwa Lotus Word Pro, programu ya kuandikia iliyomo kwenye SmartSuite, kwa sababu ThinkPad za wakati ule zilikuwa zinakuja na SmartSuite. Sasa faili za Word Pro ukizipeleka kwenye Word ya leo hazifunguki, IBM wenyewe waliacha kuiuza SmartSuite 2013, na nilipojaribu faili moja kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, maneno yalikuja lakini majadweli yalivurugika, jina lipo huku idadi ya miti ipo kule. Na majadweli ndo tulokuwa tunayataka. Kwahiyo sikuwa na njia ila kuirudisha mashine iwe kama ilivyokuwa, na programu zake za wakati wake.

Naandika haya kwa sababu nimeharibu vitu ambavyo mtu akinambia mapema nisingeviharibu.

Cha mwanzo ni umeme wenyewe. Nilipofika mjini Unguja nikaipeleka Darajani kwa fundi mmoja anouza chaja za kila aina, akatoa ya 19V akataka kuichomeka pale pale, tundu linaingia, akanambia kaka hii tofauti ndogo tu haina neno. Nikamwambia subiri kwanza, nikaigeuza, chini imeandikwa 16V. ThinkPad za zama zile ni 16V, na chaja nyingi za leo ni 19 au 20, na kichwa kinaweza kuingia vizuri kabisa, ndo mana ni hatari. Nikatoka. Nilizunguka wiki mbili mpaka nikapata adapta ya zamani ya IBM kwa mtu anoshusha mitumba ya Uingereza, 25,000, na kabla sijailipia nikamwomba aipime kwa mita mbele yangu, ikasoma 16 na kitu. Hapo sijakosea. Kosa likaja usiku.

Nikaiweka mezani kwangu Kikwajuni baada ya Isha. Ngozi ya juu ya hizi mashine ni kama mpira laini, na kwa joto letu ule mpira umeanza kunata, kidole kikigusa kinaacha alama. Nikaiwasha. Ikapiga mlio ikatoa namba mbili, 161 na 163. Wengi wakiziona hizi wanadhani mashine imekufa, lakini 161 ni betri ndogo ya saa imekwisha, na 163 ni kwamba saa na tarehe hazijawekwa. Ukiingia kwenye Easy-Setup, ile sehemu ya mipangilio ya mashine, ukaweka tarehe inaendelea. Ile betri ni kidonge cha 3V chenye nyaya mbili, nilikuja kuibadilisha baadae, fundi wa simu alinilehemia nyaya kwa 5,000.

Basi nikaweka tarehe, ikaendelea, na Windows 98 ikafunguka. Ule mlio wake wa kufunguka jamani. Mara ya mwisho niliusikia nikiwa mtoto nimesimama nyuma ya kiti cha ami, na yeye ananambia usiguse. Kwenye deski mlikuwa na folda imeandikwa SHAMBA. Nikaibofya, nikaona faili kama arubaini, nikafungua moja na lile jadweli likaja lote, majina ya mababu na bibi, mahali, idadi ya miti, na pembeni ami kaandika maelezo yake mafupi, "huu umekufa, umepandwa mwengine 1997". Nikawa nasoma tu. Sikukopi kitu. Nikasema kesho.

Umeme ukakatika.

Betri kubwa ya ile laptopu imekufa zamani, kwahiyo ilizimika hapo hapo kama taa. Sisi Unguja tumepita miezi mitatu bila ya umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kukatika umeme si jambo geni kwetu, na bado mie niliwasha mashine ya miaka ishirini na kitu isiyo na betri bila ya UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Nna UPS nyumbani. Ilikuwa imechomekwa kwenye runinga.

Umeme uliporudi nikaiwasha tena na hapa ndo nikakamilisha uharibifu. Windows 98 ikizimwa vibaya, ikiwaka inaendesha ScanDisk yenyewe, programu yake ya kukagua diski, ile skrini ya buluu na mstari wa njano. Inakuta makosa, inauliza ikutengenezee, na mie kila ikiuliza nabonyeza Enter, mana neno "tengeneza" linatia moyo. Kumbe diski ilikuwa imeshaanza kuchoka, na ScanDisk inaandika juu ya diski ile ile mbovu. Katikati nikaanza kusikia sauti, tik, kimya, tik tik, kimya, kama mtu anogonga kucha kwenye kikombe. Ilipomaliza nikafungua SHAMBA, faili kumi na moja hazipo. Badala yake kwenye C: kumezaliwa vitu vinaitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mpaka mwisho, vipande vya faili ambavyo ScanDisk imeviokota bila ya majina yao. Nilikaa pale kwenye kiti mpaka adhana ya alfajiri. Sikumpigia dada. Nilikaa siku nne simpigii, na akipiga yeye nasema bado naishughulikia.

Sasa kama una mashine ya mzee wako imekaa kabatini, nakuomba sana, usiiwashe kuangalia. Toa diski kwanza. Kwenye 600E diski inachomoka kwa chini, huna haja ya kuifungua mashine nzima. Ni diski ya inchi 2.5 ya IDE, ule uunganishaji wa diski za zamani, yenye pini 44, na kuna kiunganishi cha IDE kwenda USB, mie nilikipata kwa 30,000 kwa kijana mmoja anoagiza vitu Dar, kinachukua umeme wa USB tu. Pini zake zinapinda haraka, ingiza polepole na utazame pini ambayo haipo imekaa upande gani.

Alonisaidia ni mwenzangu wa skuli ambaye sasa anafanya kazi za mtandao. Nilipomhadithia hakunilaumu, alisema tu, usiiwashe tena yakhe, hata mara moja. Akaja na laptopu yake ya Linux, tukatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wa ddrescue ni kwamba haing'ang'anii sehemu mbovu, kwanza inapita inachukua vyote vinavyosomeka kwa wepesi, vibovu inaviruka, halafu ndo inarudi kuvijaribu kidogo kidogo, na inaweka kumbukumbu ya ilipofika kwenye faili lake kwahiyo hata ikikatika katikati inaendelea pale pale. Diski yenyewe ni 6.4 GB tu, siku hizi flashi ya mtoto ni kubwa kuliko hiyo, lakini ilichukua usiku mzima na nusu ya siku ya pili. Tuliiweka karibu na feni ipate ubaridi. Mwisho tulipata karibu yote, sehemu chache ziligoma kabisa. Ile nakala nzima tukaiweka sehemu tatu kabla ya kugusa chochote, na kazi zote baada ya hapo tulizifanya kwenye nakala ya nakala. Diski ya asili nimeifunga kwenye plastiki na vile vifuko vya kunyonya unyevu, haitowashwa tena.

Kosa la pili ni flopi, na hili ni la hewa yetu ya pwani. Nilichukua flopi ya kwanza imeandikwa kwa mwandiko wa ami "Nasaba 2", nikaitumbukiza kwenye draivu bila ya kuitazama. Ikakwaruza. Nilipoitoa nikasogeza kile kibati, nikaona mduara wa kahawia wenye vidoa vyeupe kama mtu kanyunyiza unga, na juu yake mstari mwembamba unong'aa, umezunguka duara zima. Vidoa ni ukungu, na ule mstari ni pale data ilipokwanguliwa. Na ubaya zaidi kichwa cha draivu kimeshabeba uchafu, ukiingiza flopi nzuri nayo inakwaruzwa. Kwahiyo sasa kila flopi kwanza nasogeza kibati na kuizungusha kwa kidole kwenye kile chuma cha katikati, naitazama pande zote mbili kwenye mwanga. Yenye ukungu haiingii. Unaweza kuifungua ganda lake ukaiosha ile sahani kwa spiriti safi ya duka la dawa na pamba ukaiacha ikauke, ukaitia kwenye ganda jengine safi, mie nimeokoa sita kwa namna hiyo. Na kichwa cha draivu unakisafisha kwa spiriti hiyo hiyo. Hiyo "Nasaba 2" haikurudi.

Kuweka Windows yenyewe sasa. Badala ya diski ya kuzunguka niliweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash ya 8 GB kwenye kiadapta cha IDE cha pini 44, vyote viwili 55,000, nilimwagiza jamaa alokuwa anatoka Dubai. Haina sauti, haina joto, haiogopi kutikiswa. Usichukue kubwa sana, mashine za wakati ule nyengine hazioni zaidi ya 8.4 GB, na kwa Windows 98 hata 4 GB ni nyingi.

Shida ya 600E ni kwamba ina nafasi moja tu ya pembeni, ukiweka draivu ya flopi CD haipo, ukiweka CD flopi haipo, isipokuwa uwe na kile kisanduku cha IBM cha kutolea flopi nje, na mie sikuwa nacho. CD yangu ya Windows 98 SE, ile ya 1999, haikubali kuanzia yenyewe, inataka flopi ya kuanzia. Kwa akili yangu nikaigawa ile kadi kwenye laptopu yangu ya kisasa, nikakopi mafaili, nikairudisha, mashine ikasema haioni mfumo wa kuendeshea. Nikarudia mara tatu. Siku mbili zilikwenda hapo, na nilikuwa nishaanza kuilaumu kadi.

Njia ilokuja kufanya kazi ni hii: kadi igawiwe na mashine yenyewe. Weka kadi ndani ya ThinkPad, washa kwa flopi ya Windows 98, endesha fdisk, programu ya kugawa diski, ukubali diski kubwa ili upate FAT32, mpangilio wa diski unaofaa Windows 98, uhakikishe hiyo sehemu umeiweka iwe hai, zima na uwashe, halafu format c: /s. Baada ya hapo ndo unaichomoa kadi, unaitia kwenye kisomeo cha USB cha kompyuta ya kisasa, unakopi folda nzima ya win98 kutoka kwenye CD na draiva zako zote, usifomati tena, unairudisha, unawasha, unaingia c:\win98 unaandika setup. CD haihitajiki tena hata baadae Windows ikiomba mafaili, mana yamo humo humo. Namba za kibandiko, zile herufi na tarakimu 25, zipige picha kabla hujaanza, wino wake unafutika kwa jasho la mikono.

Ikikamilika usishtuke ukiona picha ndogo katikati ya skrini na weusi pande zote na rangi zimechacha. Ni kwa sababu inaanza kwa rangi 16 na 640 kwa 480, wakati kioo ni 1024 kwa 768. Nilipotia draiva ya NeoMagic, chipu inayotoa picha, picha ikajaa kioo chote. Draiva tafuta za modeli yako hasa, 600 na 600E na 600X zinafanana kwa nje tu. Mashine ina USB moja lakini Windows 98 haitambui flashi hivi hivi, kuna draiva ya jumla waloitengeneza wapenzi wa Windows 98 na inafanya kazi, ila mie niliona rahisi zaidi kile kiadapta cha CompactFlash kinachoingia kwenye tundu la kadi la pembeni, PCMCIA, 15,000, Windows 98 inakitambua yenyewe. Nasevu kwenye ThinkPad, nachomoa, natia kwenye laptopu ya kisasa. Intaneti wala usihangaike nayo, kurasa za leo zinataka usalama ambao vivinjari vya 1999 havina.

CD ya SmartSuite ilisomeka mara ya kwanza. Ami aliifunga kwenye kipande cha kanga na kanga ile ikaitunza miaka yote hiyo, haina hata mkwaruzo.

Nikarejesha folda ya SHAMBA, nikafungua faili kwa Word Pro, majadweli yamenyooka kama nilivyoyaona usiku ule. Yote nikayasevu mara mbili, kwa RTF na kwa muundo wa Word 97, na nikayachapisha karatasi. Halafu zikabaki zile CHK. Mwenzangu alinionyesha kitu kimoja: ukiifungua CHK kwa Notepad, takataka tupu, lakini herufi za mwanzo kabisa zinasema ni faili gani, na faili ya Word Pro inaanza kwa neno WordPro. Zilikuwa CHK 34. Nikafungua moja moja. Ya kwanza takataka, ya pili takataka, ya tano hapo juu kushoto, WordPro. Nikabadilisha jina lake la mwisho likawa .lwp, nikaifungua, na ikaja Shamba la Bibi, jadweli zima mpaka mstari wa mwisho. Nililia. Kati ya zile kumi na moja zilopotea nikapata saba. Mbili zimevunjika nusu, mbili hazipo kabisa.

Ndo nikampigia dada nikamwambia ukweli wote, umeme, Enter zangu, zile siku nne. Akanyamaza kidogo akasema, mwanetu, bora ungenambia siku ile ile, mana mie nilijua kuna kitu, nikawa nadhani umegombana na mtu. Hilo liliniuma kuliko faili.

Jumla nilitumia kama 170,000 ukichanganya na UPS niloitilia betri mpya, bila ya nauli za boti. Muda, miezi mitano ya jioni.

Mwezi wa Shaaban nikaenda Wete na laptopu kwenye mkoba wake ule ule, na karatasi. Shangazi, aliyebaki peke yake katika ndugu wa ami, akakaa kwenye jamvi, nikamsomea jadweli moja baada ya jengine. Haoni vizuri lakini miti anaijua. Nilipofika kwenye zile faili mbili zilopotea nikamwambia shangazi hizi nimezipoteza mie. Akasema, leta kalamu. Akaanza kunitajia, ule wa karibu na kisima ni wa nani, ule ulopigwa na radi, na dada anaandika. Nusu ya jadweli la kwanza tukalijaza siku ile. Kwenye la pili anakumbuka miti tisa, na ami kwenye ukurasa wa jumla ameandika kumi na mbili.

Hiyo mitatu bado tunaiulizia. Na mie nna flopi kumi na moja za ukungu zimebaki kwenye kasha, moja imeandikwa "Bondeni, sahihi", na hiyo ndo naifungua Jumamosi, kwa mchana, na UPS ikiwa imejaa.